Mali Bila Daftari



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakujua kwamba siku moja daftari lenyewe lingeweza kupotea bila habari, likiwa mikononi mwa mtumishi asiyechoka wala kuiba.

Mwaka 1996 nilikuwa mhandisi kijana katika ofisi moja hapa Uingereza, nimetoka chuoni juzi tu. Orodha ya vifaa vya ujenzi tuliiweka kwenye Access, lakini mkubwa wangu alitaka ripoti kwenye Excel kila Ijumaa saa kumi jioni. Daraja kati ya programu hizo mbili lilikuwa mimi: nasoma huku, naandika kule. Ijumaa moja nikaandika mabomba 180 badala ya 1,800. Jumatatu niliitwa, na sitasimulia niliyoambiwa.

Programu hizo zilikuwa na historia tofauti. Jedwali la hesabu lilianza na VisiCalc mwaka 1979, kazi ya Wamarekani Dan Bricklin na Bob Frankston. Excel ikafuata mwaka 1985 kwenye Macintosh, na mwaka 1987 kwenye Windows. Access ilizaliwa mwaka 1992. Moja ni fundi wa kujumlisha na kuchora, nyingine ni ghala la kumbukumbu. Kila moja ilikaa chumbani kwake, na binadamu akawa tarishi wa kupeleka karatasi.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1993. Mwaka huo Microsoft ilitoa toleo la pili la mfumo wake wa OLE, na Excel 5 ikapewa lugha ya maagizo iitwayo VBA. Access nayo ikaipata lugha hiyo katika toleo la 95. Sasa ukiwa ndani ya Access uliweza kuandika maagizo machache: la kwanza linaiamsha Excel, la pili linafungua kitabu, la tatu linataja karatasi na seli, kisha takwimu zinamiminwa humo. Mwenzangu mmoja kazini alinionyesha, na kazi yangu ya saa mbili ikawa ya dakika mbili. Nilijiona nimepata mtumishi.

Lakini mtumishi huyo ana tabia moja. Excel ikiitwa kwa njia hiyo haionekani kwenye kioo mpaka uiamuru ijitokeze, na isipoamriwa kuondoka inaweza kubaki ikikusubiri gizani. Mimi nilisahau kuandika agizo la kuondoka. Baada ya wiki chache kompyuta ilianza kujikokota, na faili la ripoti likagoma kufunguka, eti linatumiwa na mtu mwingine. Nilipotazama orodha ya programu zilizokuwa zikiendelea, nilikuta Excel tisa zimejipanga, zote nimeziita mimi. Siku hiyo nilijifunza kwamba anayeita ndiye anayepaswa kuaga.

Wengine nao waliujua mlango huo. Machi 1999 kirusi Melissa kilijificha ndani ya faili la Word, kikaiita Outlook kwa njia hiyo hiyo, na kuiamuru ijitume kwa majina 50 ya mwanzo katika kitabu cha anwani. Outlook haikuuliza ni nani anayeagiza. Ilitii tu.

Kisa kilichonigusa zaidi ni cha Oktoba 2020, wakati wa Korona. Idara ya afya ya umma ya England ilikuwa ikipokea matokeo ya maabara, na utaratibu wa kompyuta ukiyaingiza kwenye faili za Excel za muundo wa zamani. Muundo huo una mwisho: mistari 65,536, haiongezeki hata mmoja. Muundo uliokuja na Excel ya 2007 unabeba mistari 1,048,576. Faili zilipojaa, yaliyozidi yaliachwa nje, na wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye hesabu. Wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, lakini watu waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati. Fikiria dereva wa basi au mama mzee waliokaa karibu nao siku hizo.

Mimi nilikosea bomba kwa mkono, na kosa likaonekana Jumatatu. Mashine ilikosea kwa utaratibu, faili baada ya faili, nayo haikuona haya.

Ndiyo maana mhazini wa chama chetu aliponiomba nimtengenezee ripoti ya michango ya misiba, nilimwekea sharti moja. Kabla Excel haijaambiwa ifunge kitabu, maagizo yanahesabu majina yaliyotoka kwenye Access na majina yaliyofika, kisha jumla ya fedha za pande zote mbili. Zikipishana hata kwa senti moja, ripoti haitoki. Alinung'unika kwamba inachelewesha. Nikamwambia, dada yangu, mtu aliyelipa miaka kumi akifariki, jina lake likawa ni mstari ulioachwa nje, utawaambia nini watoto wake?

Tangu siku hiyo hajalalamika tena.