Nani Alisema Simyuleta Si Gemu?

Ukitaka kuanzisha vita kati ya wapenda gemu, ingia mahali wanacheza FIFA useme kurusha ndege kwa kompyuta pia ni gemu. Huku Moiben utachekwa. Vijana wa pedi watakuuliza raha iko wapi, kukaa masaa manne ukiangalia mawingu bila goli hata moja. Geukia mtu wa ndege, naye atakasirika kwa sababu umeita simyuleta yake gemu. Kwake yeye, hao wa FIFA ni watu wa kelele, bet na kutoroka shule. Kwao wao, yeye ni mtoto wa wadosi anayejifanya rubani.

Shida ni kwamba historia haisimami na upande wowote.

Mashine ya kufundishia urubani iliyokuja kuenea duniani ilitengenezwa na Edwin Link wa Binghamton, New York, mwaka wa 1929. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda. Link akachukua pampu na mivukuto ya vinanda, akaitumia kuinamisha kijindege kidogo cha mbao huku na huku. Alitarajia shule za urubani zikimbilie kununua, lakini hazikushtuka. Wengi wa wateja wake wa kwanza walikuwa wenye bustani za burudani. Watu walilipa sarafu wakapanda, vile watoto wetu hupanda bembea wakati wa shoo ya kilimo Eldoret. Kumaanisha, simyuleta ilianza kama mchezo wa kulipia, sawa tu na mechi ya FIFA.

Ilibidi watu wafe ndio iheshimiwe. Mwaka wa 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege. Marubani wake wengi hawakuwa wamezoea kuruka gizani na kwenye ukungu wakitegemea mishale ya vipimo pekee. Ndani ya miezi michache zaidi ya kumi walikuwa wamekufa. Jeshi likanunua mashine sita za Link, na kufikia mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia maelfu kwa maelfu ya marubani walikuwa wamepitia humo.

Kwenye kompyuta, hadithi ni ileile. Bruce Artwick alitoa programu yake ya kurusha ndege mwaka wa 1980, ikicheza kwenye Apple II. Ilikuwa na vipimo na hesabu za kweli za mwendo wa ndege. Lakini pia ukibonyeza herufi W ulikuwa umetangaza vita, unaanza kufukuzana na ndege za adui. Microsoft ilipotoa toleo lake mwaka wa 1982, vita vilikuwa bado vimo. Babu wa simyuleta zote za nyumbani alikuwa na bunduki ndani.

Sasa hii dharau ilitoka wapi? Mimi naona ni pesa. PlayStation moja inatosha vijana kumi, kila mmoja analipa mechi yake. Simyuleta inataka kompyuta yenye nguvu, stima isiyopotea, na tangu toleo la 2020, intaneti ya kuvuta ramani ya dunia nzima. Wengi wetu turuka mara ya kwanza wapi? Kwa saiba, ndani ya GTA San Andreas, gemu ya 2004 ambayo haikuachi uendelee mpaka upite shule ya urubani. Hakuna mtu alijiita rubani hapo, na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Na kuna jambo lisilo la kuchekesha. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka muda mfupi baada ya kutoka Addis Ababa. Watu 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Ilikuwa Boeing 737 MAX. Boeing ilikuwa imepigania marubani wa 737 za awali wahamie MAX kwa somo fupi la kompyuta, bila kupita simyuleta, kwa sababu simyuleta ni gharama kwa mashirika ya ndege. Ni Januari 2020 ndipo ilisema marubani wapitie simyuleta kwanza kabla ndege hizo zirudi angani.

Kwa hivyo ukimwona kijana anajaribu kutua pale Eldoret kwa kompyuta, usimuulize goli liko wapi. Atakueleza kwamba hewa ya huku juu ni nyepesi, ndio maana ndege hukimbia zaidi kabla ya kuinuka, na njia yetu ya kurukia ina kilomita 3.5. Na yeye naye akiingia kwa FIFA, aheshimu yule anayepiga penalti ya mwisho watu ishirini wakimpigia kelele shingoni. Hiyo presha haipatikani ukiwa peke yako mawinguni. Wote wawili wanafanya kile watu wa Link walifanya kwenye bustani: wanalipa kidogo ili wajaribu maisha ambayo bado hawana uwezo wa kuyalipia.