WCW: Kampuni ya Mieleka Iliyoshindwa Kuanza Upya

Kati ya Aprili 2000 na Novemba 2001, kampuni ya mieleka ya kulipwa ya Marekani iliyoitwa World Championship Wrestling, ambayo wapenzi wake waliifahamu zaidi kwa herufi tatu za WCW, ilitangaziwa mwanzo mpya mara tatu: mara ya kwanza na waajiriwa wake wenyewe, mara ya pili na wawekezaji waliotaka kuinunua, na mara ya tatu na mshindani wake mkuu aliyekwisha kuinunua. Mpango wa kwanza uliharakisha kuanguka kwake, wa pili haukufika ulingoni, na wa tatu ulivunjika ndani ya dakika ishirini. Historia ya mipango hiyo inaonyesha jinsi biashara inayotegemea kumbukumbu za watazamaji inavyoweza kuharibiwa na watu wanaodhani kwamba kumbukumbu hizo ndizo mzigo unaoizuia kusonga mbele.

Mieleka ya kulipwa ni maonyesho ambayo matokeo yake hupangwa kabla, ingawa maanguko na maumivu yake ni ya kweli. Anayeamua nani ashinde, nani ashindwe na kwa sababu gani ni mpangaji wa mapambano, ambaye kazi yake inakaribia ile ya mtunzi wa tamthilia: humjenga mhusika mwema, yule ambaye watazamaji wa sinema wa Dar es Salaam wangemwita stelingi, humkutanisha na adui, kisha huurefusha uhasama wao kwa wiki nyingi hadi watu wawe tayari kulipia pambano la mwisho. Mkanda wa ubingwa, kwa hiyo, hauna thamani ya kimichezo kwa maana ya kawaida. Thamani yake hutokana na historia ya waliouvaa, muda waliokaa nao na ugumu wa kuwanyang'anya.

WCW ilikuwa na historia ya namna hiyo kwa wingi. Chimbuko lake lilikuwa kampuni ya familia ya Crockett ya Charlotte, North Carolina, ambayo ilijitanua kupita uwezo wake na hatimaye, mwezi Novemba 1988, ikauzwa kwa Ted Turner, tajiri wa televisheni wa Atlanta ambaye kituo chake kilikuwa kikirusha mieleka tangu miaka ya 1970. Chini ya Eric Bischoff, kampuni ilimsajili Hulk Hogan mwaka 1994, ikaanzisha kipindi cha Nitro cha kila Jumatatu Septemba 4, 1995, na mwaka 1996 ikamgeuza Hogan, aliyekuwa mwema mkuu kuliko wote, kuwa adui na kiongozi wa kundi la nWo. Hadithi hiyo iliifanya Nitro kuishinda Raw, kipindi cha kampuni pinzani ya WWF ya Vince McMahon, kwa wiki 83 mfululizo hadi Aprili 1998.

Kuporomoka kulianza ushindi ungali mbichi. Januari 4, 1999, katika uwanja wa Georgia Dome mjini Atlanta, watazamaji waliosubiri pambano la ubingwa kati ya Kevin Nash na Hogan walimwona Hogan akimgusa Nash kifuani kwa kidole, Nash akajiangusha chali kama aliyepigwa na nyundo, na mkanda ukabadilisha mmiliki. Septemba mwaka huo Bischoff aliondolewa, na mwezi uliofuata kampuni ikawachukua kutoka WWF waandishi wawili, Vince Russo na Ed Ferrara. Mamlaka ya Russo hayakudumu hadi mwisho wa Januari 2000, na alipowekwa kando, usimamizi wa mapambano ukapewa Kevin Sullivan, uamuzi uliowachukiza wanamieleka kadhaa kiasi kwamba Chris Benoit, aliyekuwa ametawazwa bingwa wa dunia Januari 16, aliurudisha mkanda na kuondoka pamoja na Eddie Guerrero, Dean Malenko na Perry Saturn. Kabla mwezi haujaisha, wote wanne walionekana kwenye Raw, ambayo wakati huo ilikuwa na watazamaji zaidi ya mara mbili ya wale wa Nitro.

Ni katika hali hiyo ambapo Brad Siegel, mkuu wa idara ya burudani iliyoisimamia WCW ndani ya himaya ya Turner, aliamua kuwarudisha Russo na Bischoff kwa pamoja, mmoja awe mtunzi na mwingine awe mkuu wa uzalishaji. Wiki moja ilipita bila Nitro mpya, kisha Aprili 10, 2000, mjini Denver, wawili hao wakasimama ulingoni na kutangaza kwamba mabingwa wote wamevuliwa mikanda yao. Kisa kipya kilikuwa cha vizazi viwili: upande mmoja lilisimama kundi la New Blood, yaani Damu Mpya, lililojaa vijana waliodai kuzuiwa kupanda, na upande wa pili Klabu ya Mamilionea, iliyowakusanya akina Hogan, Ric Flair, Sting na Diamond Dallas Page.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Watazamaji walikuwa wamelalamika kwa miaka kwamba nyota wenye umri mkubwa na mikataba minono hawakubali kushindwa na vijana, na kampuni, baada ya kuifanya siri hiyo ya ndani kuwa hadithi ya jukwaani, ilikuwa na nafasi ya kuwapa watu walichokitaka. Kasoro ilijitokeza katika utekelezaji, kwa maana vijana ambao umma uliwahurumia ndio waliofanywa maadui, wakiongozwa na mabosi wawili wenye kiburi, wakati wazee waliotuhumiwa kuziba njia walipewa nafasi ya wema wanaoonewa. Jambo zito zaidi ni kwamba kuifuta mikanda yote kwa tamko moja kuliwaambia watazamaji, bila kificho, kwamba kila pambano walilolifuatilia hadi siku hiyo halikuwa na uzito, na mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo mara moja hana sababu ya kuamini kwamba mapambano ya wiki ijayo yatahesabiwa kwa namna tofauti.

Mikanda iligombewa upya Aprili 16 mjini Chicago katika onyesho la Spring Stampede, moja ya maonyesho yaliyouzwa nyumba kwa nyumba kupitia televisheni ya kulipia, na Jeff Jarrett akatoka na ubingwa wa dunia. Hakukaa nao. Katika muda usiofika miezi mitatu kutoka siku hiyo hadi Julai 9, mkanda ulibadilisha mikono takriban mara kumi, ukizunguka kati ya Jarrett, Page, Flair, Nash na mwigizaji wa filamu David Arquette.

Kisa cha Arquette kinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndicho kinachotajwa mara nyingi zaidi pale anguko la WCW linapozungumzwa. Kampuni ya Warner Bros., ambayo ilikuwa ndugu wa WCW chini ya mwavuli wa Time Warner, ilikuwa imetoa mwezi Aprili filamu ya vichekesho iitwayo Ready to Rumble, iliyohusu mashabiki wawili wa mieleka, na Arquette alikuwa mmoja wa waigizaji wake wakuu. Ili kuitangaza filamu, aliletwa katika vipindi vya WCW, na katika onyesho lililorekodiwa mjini Syracuse, New York, akatangazwa bingwa wa dunia baada ya kumlaza Bischoff, ambaye hakuwa mwanamieleka na wala hakuwa bingwa, katika pambano la watu wawili kwa wawili. Kwa haki, lazima isemwe kwamba Arquette mwenyewe alikuwa shabiki wa kweli aliyelipinga wazo hilo, na malipo aliyoyapata aliyatoa kwa familia za wanamieleka Owen Hart na Brian Pillman, waliokuwa wamefariki, na Darren Drozdov, aliyekuwa amepooza. Lawama haimhusu. Inawahusu walioona mkanda uliowahi kuvaliwa na Flair kuwa tangazo la filamu, tena filamu ambayo haikufanya vizuri sokoni.

Julai 9, mjini Daytona Beach, mpaka kati ya hadithi na maisha halisi ulivunjwa kabisa. Mkataba wa Hogan ulimpa haki ya kukataa matokeo asiyoyapenda, na yeye na Russo hawakuafikiana. Kwa hiyo Jarrett alijilaza ulingoni bila kupigwa, Hogan akamwekea mguu kifuani, akachukua ushindi na kuondoka. Baadaye Russo alijitokeza mbele ya watazamaji na kumshambulia Hogan kwa maneno, akieleza waziwazi habari za mikataba na mamlaka ya kupanga matokeo, kisha akaandaa pambano jingine la ubingwa usiku huohuo, ambalo Booker T alilishinda. Ushindi wa Booker T, mwanamieleka hodari aliyepanda ngazi moja baada ya nyingine kutoka mapambano ya watu wawili wawili, ulikuwa labda uamuzi bora wa mwaka mzima, lakini ulizikwa chini ya kelele za ugomvi huo. Hogan hakurudi tena WCW na alifungua kesi ya kuchafuliwa jina ambayo ilitupiliwa mbali. Bischoff naye alijitenga. Na Septemba 25 Russo alijipa mwenyewe ubingwa wa dunia, akauacha wazi muda mfupi baadaye. Hasara ya mwaka 2000 inakadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 60.

Kilichokuwa kimeilinda WCW dhidi ya hasara kama hizo ni mapenzi ya Turner, ambaye hakusahau kwamba mieleka ndiyo iliyomsaidia kukijenga kituo chake. Kinga hiyo iliondoka Januari 2001, wakati muungano wa America Online na Time Warner ulipokamilika na Turner akabaki bila mamlaka ya utendaji. Siku hizohizo kampuni ya Fusient Media Ventures, ya Brian Bedol na Steve Greenberg, ikishirikiana na Bischoff, ilitangaza makubaliano ya kuinunua WCW. Mpango wao ulikuwa wa busara kuliko ule wa Denver: kusimamisha maonyesho kwa muda, kupunguza gharama, kisha kurudi mwezi Mei kwa onyesho lililopewa jina la The Big Bang. Lakini mwezi Machi uongozi wa televisheni za Turner ulishikwa na Jamie Kellner, ambaye aliona kuwa mieleka haivutii aina ya watangazaji wa biashara aliowataka, akaiondoa katika vituo vya TNT na TBS. Wawekezaji hawakuwa wananunua majina na mikanda tu. Walikuwa wananunua saa za kurusha matangazo, na saa hizo zilipofutwa, wakajitoa.

WWF ikaingia mlangoni. Ununuzi ulitangazwa Machi 23, kwa bei ambayo mara nyingi hutajwa kuwa dola milioni 2.5 kwa jina, nembo na maktaba ya kanda za video, pamoja na mikataba ya baadhi ya wanamieleka vijana. Nitro ya mwisho ilifanyika Machi 26, 2001, mjini Panama City Beach, Florida, na kufungwa kwa pambano la Sting na Flair.

McMahon alikusudia kuiendesha WCW kama kampuni ya pili yenye kipindi chake, lakini hakikupatikana kituo kilichokuwa tayari kuipa nafasi, na ligi ya mpira wa Kimarekani ya XFL, aliyoianzisha mwaka huohuo pamoja na kituo cha televisheni cha NBC, ilikuwa imekufa baada ya msimu mmoja. Jaribio likafanywa ndani ya Raw. Julai 2, mjini Tacoma, jimbo la Washington, dakika ishirini hivi za mwisho za kipindi zilikabidhiwa WCW: nembo zilibadilishwa, watangazaji Scott Hudson na Arn Anderson wakakaa mezani, na Booker T akatetea ubingwa wake dhidi ya Buff Bagwell. Pambano lilikuwa dhaifu, umati ulizomea tangu mwanzo, na mwisho wake wanamieleka wa WWF walilivamia pambano hilo. Bagwell alifukuzwa kazi siku chache baadaye. Wapo wanaodai kwamba mambo yangekuwa tofauti laiti jaribio lingesubiri wiki moja, Raw ilipofika Atlanta, nyumbani kwa WCW, na hoja hiyo ina nguvu, kwa kuwa Tacoma ulikuwa mji usio na sababu yoyote ya kuishangilia.

Baada ya hapo, WCW iliunganishwa katika hadithi na mabaki ya ECW, kampuni ndogo ya Philadelphia iliyokuwa imefilisika, na muungano huo ukaongozwa na Shane na Stephanie, watoto wa McMahon mwenyewe, hivi kwamba vita kati ya kampuni ikawa ugomvi wa familia moja sebuleni. Hogan, Flair, Nash na nyota mwenzao Goldberg hawakuwepo, kwani mikataba yao ilibaki mikononi mwa AOL Time Warner, iliyoendelea kuwalipa wakiwa nyumbani, na McMahon hakutaka kuinunua kwa bei hiyo. Hata hivyo, onyesho la Invasion la Julai 22 lilinunuliwa na nyumba zaidi ya 700,000, kiasi kinachothibitisha kwamba hamu ya watu ilikuwepo hata baada ya Tacoma. Hamu hiyo haikulishwa. Mshindi hakuwa na haja ya kumwona aliyeshindwa akipata nguvu, na Novemba 18, mjini Greensboro, timu ya WWF ilishinda pambano lililoandikwa kuwa la kufa na kupona; mwezi uliofuata, mjini San Diego, Chris Jericho, aliyewahi kuihama WCW kwa kukosa nafasi, aliiunganisha mikanda ya dunia ya kampuni zote mbili.

Mwaka 2002 McMahon aliwagawa wanamieleka wake mwenyewe katika makundi mawili yanayoshindana, Raw na SmackDown, na hivyo akajitengenezea mpinzani aliyekosa kumlea. Julai 15 mwaka huo, akihitaji mtu wa kuigiza nafasi ya msimamizi wa Raw, alimwajiri Eric Bischoff.