Otis Redding: historia iliyotoka kabla ya mwisho wake

Haya wadau, leo tuachane kidogo na stori za bumu na foleni ya kantini. Wiki nzima masikioni mwangu yuko mtu mmoja tu, Otis Redding. Albamu yenyewe inaitwa History of Otis Redding, mkusanyiko wa vibao vyake vikali. Sasa sisi wa ualimu tunaosoma Historia tunaimbishwa kila siku: kabla hujaamini chanzo, uliza kimeandaliwa lini, kimepangwaje, na kiko mikononi mwa nani. Basi nikaamua kuibana santuri kwa maswali hayohayo.

Lini? Novemba 1967. Jamaa alikuwa na miaka 26. Jamani, miaka 26 halafu unatolewa "historia" yako! Umri huo wengi wetu tutakuwa bado tunasaka ajira. Mwezi uliofuata, tarehe 10 Desemba, ndege yake ndogo ilianguka katika ziwa Monona, pale Madison, Wisconsin. Alikufa yeye na vijana wanne wa bendi ya Bar-Kays. Kati ya wote waliokuwa ndani alipona mmoja tu, mpiga tarumbeta Ben Cauley.

Siku chache kabla ya ajali alikuwa amerekodi (Sittin' On) The Dock of the Bay. Wimbo ukatoka Januari 1968 ukapanda mpaka namba moja Marekani, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea huko kwa msanii aliyekwishafariki. Maana yake, kibao chake kikubwa kuliko vyote hakimo kwenye santuri inayoitwa Historia!

Imepangwaje? Si kwa miaka. Inafungua na I've Been Loving You Too Long ya 1965, halafu These Arms of Mine ya 1962, iliyomtoa, unakutana nayo mbele ya safari. Zipange mwenyewe kwa mwaka utaona tofauti. Ile ya 1962 Otis alikwenda studio za Stax, Memphis, kama dereva wa mpiga gitaa Johnny Jenkins. Kazi ya Jenkins haikwenda vizuri, muda ukabaki kidogo, dereva akapewa nafasi aimbe. Sauti bado inaomba ruhusa. Sasa ruka mpaka 1966, Try a Little Tenderness, wimbo wa zamani wa 1932. Anaanza taratibu kama anambembeleza mtoto alale, mwisho bendi nzima inamkimbilia kwa nyuma. Huyo si dereva tena.

Na bendi yenyewe ni somo. Kufikia 1965 Booker T. & the M.G.'s walikuwa weusi wawili na wazungu wawili, wakipiga ndani ya jumba la zamani la sinema, kwenye mji wa kusini ambako ubaguzi ulikuwa sheria hadi miaka ya 1960. Mle ndani walikaa chumba kimoja wakatengeneza sauti moja.

Halafu kuna Respect. Otis aliiandika na kuirekodi 1965, mwanamume akidai heshima anaporudi nyumbani. Mwaka 1967 Aretha Franklin akaipindua, mwanamke ndiye anayedai, na mpaka leo watu wengi hudhani wimbo ni wake. Huo aliuchukua kwa kuimba, na jina la Otis likabaki kwenye utunzi.

Kuna kuchukua kwingine bwana, kwa karatasi. Na hapo ndipo swali la tatu, iko mikononi mwa nani? Stax walisambaziwa rekodi zao na Atlantic ya New York. Mwaka 1965 Jim Stewart, mwanzilishi wa Stax, alisaini mkataba bila kuusoma kwa makini. Atlantic ilipouzwa kwa kampuni ya Warner, Stewart akataka kujitoa, na 1968 ndipo akagundua kwamba mkataba uliwapa Atlantic umiliki wa rekodi zote walizowasambazia, za Otis zikiwemo. Msanii wao mkubwa amekufa, na kazi zake zimekwenda. Stax ikajaribu kuanza upya, ikafilisika 1975. Jengo likabomolewa 1989, na mwaka 2003 pakafunguliwa jumba la makumbusho palepale.

Kwa hiyo wadau, mkusanyiko wa vibao si maisha ya mtu. Ni kile ambacho mwenye kanda aliamua kutuuzia, kwa mpangilio alioutaka yeye. Ndivyo vilivyo na vitabu vya kiada tutakavyoshika darasani kesho kutwa. Tukishaajiriwa, tusiwasomeshe watoto sura ya kwanza hadi ya mwisho kama kasuku. Tuwafundishe kuuliza nani kapanga, na nini hakimo.

Na wale wana mnaorekodi mitaani, someni mkataba kabla ya kalamu. Naomba kuwasilisha.