Fukwe 27 za Uingereza

Miji ya pwani ya Uingereza ilijengewa mabomba ya majitaka katika karne ya 19, na mabomba hayo yaliitegemea bahari. Kinyesi na maji ya mvua vilipita njia moja hadi ufukweni, vikamwagwa bila kusafishwa au baada ya kuchujwa kidogo tu. Kazi iliyobaki ikaachiwa mawimbi, chumvi na jua. Miji hiyohiyo, Blackpool na Brighton ikiwamo, ilijipatia riziki kwa kuwapokea wageni waliokuja kuoga.

Lawama zilikuwapo. Wazazi waliofiwa na binti yao kwa polio, baada ya mtoto huyo kuoga baharini, walianzisha chama cha kupinga uchafuzi wa pwani. Lakini ripoti iliyochapishwa na Baraza la Utafiti wa Tiba mwaka 1959 ilisema hatari ya ugonjwa mzito ni ndogo mno, isipokuwa pale maji yanapokuwa machafu kiasi cha kutia kinyaa. Kwa kauli hiyo jicho likawa ndilo maabara, na halmashauri za miji zikapata kisingizio kwa miaka mingi.

Desemba 1975 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo lililoweka kipimo: bakteria wa kinyesi wasizidi 2,000 katika kila mililita 100 za maji, katika asilimia 95 ya sampuli. Nchi wanachama zilipewa miaka 10 kulitimiza. Agizo lilihusu mahali panapoogwa na watu wengi, na hapo serikali ya London ikapata upenyo. Iliamua yenyewe maana ya "wengi" kwa kuhesabu vichwa, na mwaka 1979 ikatangaza fukwe 27 tu. Blackpool haikuwamo, wala Brighton. Luxembourg, nchi isiyo na bahari kabisa, iliorodhesha sehemu nyingi zaidi. Ulikuwa ujanja wa kukwepa gharama, maana ufuo usio kwenye orodha haukulazimika kupimwa wala kusafishwa.

Shinikizo la Ulaya lilifanya orodha ifikie karibu fukwe 390 mwaka 1987. Mwaka 1990 wateleza-mawimbi wa Cornwall, waliochoka kuugua, waliunda chama cha Surfers Against Sewage, na Julai 1993 Mahakama ya Ulaya iliihukumu Uingereza kwa hali ya maji ya Blackpool na Southport. Mabilioni ya pauni yalitumika kujenga mitambo ya kusafishia majitaka.

Agizo jipya la mwaka 2006 linapima bakteria wa E. coli na enterokoki, na kuyapanga maji katika madaraja manne, kuanzia bora sana hadi duni. Mabomba ya pamoja ya karne ya 19, hata hivyo, bado yapo. Mvua kubwa ikinyesha, mabomba hayo hufurika na kumwaga majitaka baharini, ndiyo maana waogaji hushauriwa kukaa nje ya maji kwa siku moja au mbili baada ya mvua hiyo.