Wavamizi Hamsini na Watano

Ukibahatika kushika mashine ndogo ya mkononi iliyokusanyiwa michezo ya zamani, uanze na ule uitwao Space Invaders. Utaona wavamizi 55 wamejipanga safu 5, kila safu 11, wakienda upande kwa upande na kushuka polepole, huku sauti nne nzito zikirudiwa kama hatua za askari. Mwendo wao wa kwanza ni wa uvivu. Lakini kadiri uwapunguzavyo ndivyo waliobaki wazidivyo mbio, hata yule wa mwisho hukimbia kama mwizi aliyepigiwa kelele. Kasi hiyo yatoka wapi?

Mchezo huu ulitungwa Japani na Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, ukatolewa mwaka wa 1978. Ulichezwa kwa sarafu. Huenda ukasikia kwamba sarafu za yeni 100 ziliadimika nchini humo kwa ajili yake. Hadithi tamu, ila haina ushahidi. Kompyuta iliyokuwa ndani ya mashine ile ilikuwa dhaifu, wala haikuweza kuwasogeza wavamizi wote kwa mara moja. Ilimsogeza mmoja kwa kila picha, na picha zilikuwa kiasi cha 60 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe: wakiwa 55, hatua moja ya jeshi zima huchukua karibu sekunde nzima, akibaki mmoja, husogea katika kila picha. Nishikado aliiona hali hiyo na hakuiondoa, maana ilizidisha msisimko wa mchezo. Udhaifu wa chombo ukawa roho ya mchezo.

Hapo ndipo ilipo shida ya kuihifadhi michezo hii. Mashine kama Nintendo Switch, iliyotolewa mwaka wa 2017, ina nguvu nyingi mno kupita ile ya Taito. Fundi asiye makini angeweza kuuandika mchezo upya, awasogeze wavamizi wote pamoja bila taabu yoyote, na kwa kufanya hivyo angekuwa ameuua. Kuandika upya kwaweza kuharibu kwa namna nyingine pia. Atari ilipoupeleka mchezo wa Pac-Man katika mashine yake ya nyumbani mwaka wa 1982, ile mizimu minne ikawa inapepesa, mara yaonekana, mara haionekani. Watu waliununua kwa mamilioni, na wengi wakasikitika.

Iko njia nyingine, nayo ni kuifundisha mashine mpya kuiga mwenendo wa ile ya kale, kisha kuipa programu ileile ya zamani iisome. Mwaka wa 1997 Mwitalia Nicola Salmoria alitoa programu ya MAME kwa kazi hiyo hasa. Kwa njia hii hata kosa husalimika. Katika Pac-Man ya mwaka wa 1980, hesabu ya hatua iliwekwa katika baiti moja, ambayo haivuki 255. Ufikapo hatua ya 256, nusu ya kioo huvurugika. Programu ya asili ikiendeshwa kwa uaminifu, huvurugika vivyo hivyo.

Vioo vya michezo mingi ya zamani vilikuwa virefu kwenda juu. Katika mkusanyiko wa Namco Museum wa mwaka wa 2017 waweza kuisimamisha Switch wima, picha ikajaa kioo kama ilivyokusudiwa. Wachezaji wengi hulipuuza jambo hili. Mimi naona ni nusu ya utamu.

Wala usidhani kwamba mashine za asili zitatungoja. Tangu mwaka wa 1993 kampuni ya Capcom ilitoa michezo ya mtambo wa CPS-2, ambayo programu zake zilifungwa kwa fumbo, na ufunguo wake ulishikiliwa na betri ndogo ndani ya mtambo. Betri ikifa, ufunguo hupotea, na mchezo hauwaki tena. Mmoja wao ni Progear wa mwaka wa 2001. Mchezo huo umo katika mkusanyiko wa Capcom Arcade Stadium, uliotolewa mwaka wa 2021, nawe waweza kuucheza ukiwa safarini ndani ya basi. Betri ya mashine yako ikiisha, utaichaji tu.