Mtihani wa kuchaguliwa: jinsi watoto wa Meru walivyochujwa

Mwaka 1934 serikali ya Mwingereza ilifungua Arusha School, shule ya bweni mjini Arusha, karibu na mto Themi, kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Sharti la kwanza la kuingia lilikuwa rangi ya ngozi. Mtoto wa Kimeru au wa Kiarusha aliyeshuka Mlima Meru kwenda sokoni aliipita kwa nje. Yeye alikuwa na njia yake, na njia hiyo ilijaa mitihani.

Wa kwanza ulimngoja darasa la nne. Wengi waliishia hapo, wakarudi migombani na kwenye kahawa wakijua kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Waliopenya waliingia shule ya kati, la tano hadi la nane, kisha wakachujwa tena. Wachache waliovuka kwenda sekondari walichujwa la kumi, ndipo waliosalia wakaukabili mtihani wa Cambridge wakiwa la kumi na mbili. Sekondari zenyewe zilikuwa za kuhesabika, kwa hiyo kufaulu mara nyingi kulimaanisha kuhama kwenu. Edward Moringe Sokoine, mtoto wa Monduli aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, ilimbidi avuke hadi Umbwe, Kilimanjaro, kuendelea na masomo.

Wazee wetu hupenda kusema kwamba la nne la mkoloni lilikuwa sawa na fomu foo ya leo. Huenda. Ila wanaosema hivyo ni wale waliopita. Wenzao walioachwa hakuna aliyewauliza.

Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili la walioachwa katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha. Alihoji mantiki ya kuwafundisha watoto wa shule ya msingi kana kwamba wote wanakwenda sekondari, ilhali wengi hawatafika. Mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania kusimamia mitihani ya nchi. Azimio la Musoma la 1974 nalo likataka kila mtoto aingie darasa la kwanza. Madarasa ya msingi yakafurika, lakini sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo, na msongamano wote ukahamia mtihani wa la saba, wa kumalizia shule ya msingi.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu kwa watu wa mlimani. Nafasi za kidato cha kwanza ziligawiwa kimikoa na kiwilaya ili walioachwa nyuma na mkoloni nao wapate. Nia ilikuwa njema. Lakini mahali ambako shule zilitangulia kuota mizizi, kama Kilimanjaro na Meru, mtoto aliweza kupata alama nzuri na bado jina lake lisitokee. Wazazi hawakukaa kulalamika tu. Pamoja na makanisa, walijenga sekondari zao, na fedha za kahawa zilifanya kazi kubwa.

Ilboru, iliyoanzishwa na Walutheri juu kidogo ya mji, ikaishia kuwa shule ya serikali ya vipaji maalumu, inayookota vichwa kutoka nchi nzima. Mtoto aliyezaliwa ubavuni mwa uzio wake hushindania dawati na mtoto wa Kigoma, tena kwa pepa ileile ya la saba ya Septemba: siku mbili, namba ya mtahiniwa, penseli ya HB na ufutio. Mwaka 2012 kusiliba majibu kulipoanza, hata hisabati ikawa ya kuchagua herufi. Siku hizi pepa ya mwisho ikiisha, watoto wengi wa mjini hupelekwa moja kwa moja prifomu wani kupigishwa Kiingereza, huku wazazi wakizunguka kutafuta shule zenye ufadhili.

Mlango wa ufadhili unaojulikana zaidi hapa ulifunguliwa Januari 2002 huko Moshono. Gemma Sisia, mwalimu kutoka Australia aliyeolewa Arusha, alianzisha shule ya St Jude kwenye ardhi ya baba mkwe wake, akiwa na watoto watatu na mwalimu mmoja. Habari zilipoenea kwamba ada, sare na chakula ni bure, siku za usaili ziligeuka umati wa mama, bibi na watoto walioshika ripoti zao. Leo ina wanafunzi zaidi ya 1,800, na mwaka 2020 ilifungua sekondari ya wasichana.

Kilichokuwa kigeni pale ni kwamba kufaulu pepa hakukutosha. Wafanyakazi wa shule hufika nyumbani kwa mtoto na kutazama nyumba, vitu vilivyomo na mali ya familia. Mwenye uwezo huondolewa. Kuna wanaoona kwamba ukaguzi huo unamdhalilisha mzazi. Mimi naona una haki kuliko pepa peke yake, kwa sababu mtoto wa tuisheni na mtoto wa kuchunga mbuzi hawaanzii mahali pamoja.

Sasa kanuni zinabadilika tena. Kwa mtaala mpya, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 la sita na la saba wanatarajiwa kumaliza pamoja. Mzazi ambaye mtoto wake atakuwa katika madarasa hayo aulize sasa, shuleni kwake na kwenye shule za ufadhili, mwaka huo nafasi zitatolewa vipi.