Biva katika Mazungumzo ya Nyangumi

Mahojiano ya vikundi, ambayo siku hizi hutumiwa sana kukusanya maarifa ya wazee juu ya mazingira, hayakuzaliwa porini wala baharini. Chanzo chake kimoja kilikuwa New York mwaka 1941, katika ofisi ya utafiti wa redio ya Chuo Kikuu cha Columbia. Wasikilizaji walibonyeza kitufe chekundu kipindi kilipowachukiza, cha kijani kilipowapendeza. Kisha wakaulizwa sababu. Mwanasosholojia Robert Merton, aliyealikwa kutazama, aliona kwamba muulizaji aliwaelekeza mno watu kwenye majibu. Mwaka 1946 yeye na Patricia Kendall walichapisha makala juu ya mahojiano yaliyolengwa, wakitaka wahojiwa wapewe nafasi ya kusema. Hata hivyo shabaha ilibaki mikononi mwa mtafiti.

Nusu karne baadaye, huko Alaska, shabaha hiyo iliachwa, na elimu ikafaidika. Henry Huntington alikuwa akikusanya maarifa ya wawindaji na wazee juu ya beluga, nyangumi mweupe wa bahari za kaskazini. Katika eneo la ghuba ya Norton, wazee waliokuwa wakizungumza pamoja waligeukia ghafla habari za biva, mnyama wa mito ya bara anayeangusha miti kwa meno na kuziba vijito. Mtafiti mwenye haraka (nao ni wengi) angaliwarudisha kwenye nyangumi. Huyu aliwaacha, nao wakaeleza: biva wameongezeka, mabwawa yao huharibu vijito ambamo samoni na samaki wengine hutaga mayai, na samaki hao ndio chakula cha beluga. Hakuna dodoso ambalo lingalimtaja biva, kwa kuwa mwandishi wake asingalijua kwamba anahusika.

Matokeo yalipochapishwa mwaka 1999, jumuiya za Buckland, Elim, Koyuk, Point Lay na Shaktoolik ziliandikwa kuwa waandishi pamoja naye.

Kwa mtafiti wa Ituri mfano huu hautoshi. Wazee wa ghuba ile walizungumza na wawindaji wenzao. Kikao kinachowaketisha Wambuti pamoja na wakulima wanaowahesabu kuwa watu wao ni jambo jingine: mkulima atasema, Mmbuti ataitikia, na daftari litaandika kwamba wote wamekubaliana. Hapo hapana budi vikao viwe viwili, na kile cha Wambuti kifanyike kambini mwituni, hata kikichukua siku nyingi.